Siku Wifi Aliponiacha Kisiwani

Miaka ile maboti ya wakimbizi yalikuwa yakivuka ziwa kutoka Kongo karibu kila siku. Mimi nilizaliwa Ujiji, lakini baba yangu alitoka ng'ambo hiyohiyo, na lafudhi yake ilinikaa mdomoni. Dada wa mume wangu hakuipenda. Mume wangu alidhani tukitoka pamoja tutapatana, akatukodia boti twende kisiwa kidogo ng'ambo ya Bangwe, tukatembee na kuangalia wanyama.

Njiani wifi alinipa mgongo. Tuliposhuka, nilimsalimia mlinzi wa kisiwa. Akanitazama, kisha akamgeukia wifi.

"Huyu ametoka kambini?"

"Muulize mwenyewe," wifi akasema, akaanza kupanda mlima.

Nilimfuata. Njia ilikuwa ya mawe, majani makavu yakivunjika chini ya viatu. Pundamilia wawili walisimama kando, wakatuangalia, wakaendelea kula. Tumbili walitupigia kelele toka juu ya miti. Wifi akaokota jiwe akawatupia.

"Wamekukosea nini?" nikamuuliza.

Akaokota jingine.

Kileleni ziwa lote lilikuwa wazi. Boti moja ilikuwa inaelekea mjini, imejaa watu mpaka maji yalikaribia kuingia.

"Hao wanakuja kutumalizia unga," wifi akasema.

"Baba yangu alikuja hivyohivyo."

"Ndiyo maana nasema."

Akateremka peke yake. Mimi nilibaki, maana sikutaka kutembea nyuma yake tena. Chini, kwenye miamba, fisimaji alitoka majini na kaa mdomoni, akamtafuna kwa kelele huku mtoto wake akimng'ang'ania amgawie. Hakumgawia. Niliwatazama mpaka walipozama. Ndicho kitu pekee nilichokifurahia siku ile.

Niliporudi ufukweni, boti yetu haikuwepo.

"Mwenzako kaondoka," mlinzi akasema. "Kasema wewe utapata usafiri wa kwenu."

Alicheka. Nilikaa juu ya jiwe nikampa mgongo, jua likinichoma, mpaka wavuvi waliokuwa wanarudi Katonga waliponiona nikiwapungia kitenge. Walinikalisha juu ya nyavu zilizolowa. Mmoja aliniuliza nimefanya nini hata nikaachwa. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli.

Nyumbani nilimkuta wifi kwenye mkeka wangu, anakula ugali wa muhogo na migebuka, samaki niliowakaanga asubuhi. Mume wangu akauliza mbona nimechelewa. Dada yake alikuwa amemwambia nimepitia kwa mama.

"Wifi, ulinisahau kisiwani?"

Akalamba vidole. "Nilidhani umeshawaona ndugu zako ziwani, ukaamua kuwasubiri."

Mume wangu akacheka kidogo, kama mtu asiyejua acheke au anyamaze. Niliinama nikaiondoa sahani mbele ya wifi, mkono wake ukiwa bado umo ndani, nikawamwagia kuku.

Wifi hakula tena kwangu. Mume wangu alinuna muda mrefu, akasema nimemvunjia dada yake heshima. Mimi sikuomba radhi.