Mkaki wa Hisae na Jibu Lililokosekana

Theluji bado imeganda kivulini mwa ukuta, lakini Hisae Kumagai ameshachuchumaa bustanini nyuma ya nyumba yake, kijijini Minamizawa. Anafukua figili alizozizika kabla ya baridi. Anaipangusa moja, anaimega, anaonja.

"Baridi imezitia utamu," anasema. "Mimi imenitia maumivu ya magoti tu."

Mama huyu wa miaka sitini na minane ni mpishi wa shule ya msingi. Siku za mapumziko ni za bustani: vitunguu, kabichi zilizofunikwa mabua ya mpunga, na mkaki mmoja mkubwa, mti wa matunda matamu ya rangi ya machungwa, ulioegemea paa. Matunda yake yalimenywa, yakaning'inizwa upenuni hadi yakakauka, yakauzwa. Ndiyo yaliyomsomesha Noriyuki, mwanawe wa pekee.

Leo Noriyuki amekuja kutoka mjini na msumeno wa injini. Tawi limevunja vigae, na mama hawezi tena ngazi. Walishakubaliana kwa simu: mti ukatwe.

Lakini leo pia ndiyo siku ya kuutisha mti, desturi ya kila mwaka ili uzae. Mmoja hulipiga shina shoka kidogo na kuuliza kama utazaa. Mwingine husimama nyuma ya shina na kuujibia. Kisha jeraha hupakwa uji wa mchele na maharage mekundu. Tangu waoane, aliyejibu ni mumewe, Tamotsu.

"Ulikuwa mti wenye mdomo," Hisae anasema. "Nauliza, utazaa? Najibiwa, nitazaa, ila na wewe punguza chumvi kwenye supu."

Tamotsu alifariki mwaka juzi, msimu wa mavuno. Mwaka jana Hisae alitoka na shoka kwa mazoea, akapiga, akauliza. Kimya. Na mti ukitishwa ukanyamaza, umekataa, uliokataa hukatwa. Hakuukata. Vuli ikaja, hata tunda moja hakuliona.

"Sikumwambia mtu. Niliingia ndani, ule uji nikaula peke yangu."

Noriyuki anayasikia haya kwa mara ya kwanza.

"Mama, mikaki hupumzika. Mwaka inazaa, mwaka haizai. Hata baba alilijua hilo."

"Nalijua. Mimi si mjinga, Nori. Mimi ni mjane."

Kijana anauweka msumeno chini. "Haya, nisimame nyuma?"

"Wewe? Tangu utotoni uongo unakushinda. Shika shoka. Najibu mimi."

Noriyuki anapiga, kidogo tu, gome linapasuka. "Utazaa, huzai? Usipozaa nakukata."

Hisae amesimama nyuma ya shina. Ameweka kiganja kwenye gome, macho chini. Noriyuki anasubiri, shoka limening'inia.

"Nitazaa," sauti inatoka hatimaye. "Ngazi atapanda nani?"

"Mti hauulizi maswali, mama."

"Huu unauliza."

Noriyuki anatazama juu, kwenye matawi ambayo hajawahi kuyapogoa maishani. "Nitapanda mimi."

Hisae anatoka na bakuli, anapaka uji kwenye jeraha, kijiko baada ya kijiko.

"Tubakizie na sisi," mwanawe analalamika.

"Mgonjwa hula kwanza."

Tawi la paani litakatwa leo, hilo tu. Mwezi wa tatu Hisae anaaga jiko la shule, na anachokitaka ni misimu michache ya kumfundisha Noriyuki kupogoa, kuchuma, kumenya.

"Mikono yake ni ya ofisini, itachukua muda," anasema, akimtazama akiegemeza ngazi upande usiofaa. "Mti hauna haraka. Mwenye haraka ni mimi."