Gitaa Lililovuliwa Kofia

Jumamosi nilijikinga manyunyu katika duka la kanda mjini Embu, mtoto mgongoni. Vijana watatu wa bendi ya gitaa wakaingia na kanda yao mpya. Mwenye duka ana desturi: huichezesha kanda kwenye spika ya mlangoni, na wapita njia wasiposimama, haiuzi.

Kanda yao ya kwanza ilichezesha watu harusini. Katika hii gitaa lilitembea polepole, bila ngoma.

Nje watu wakasimama. Mzee mmoja akavua kofia. Mama mmoja akatua mzigo wake wa nyasi za ng'ombe, akauliza, "Ni nani amekufa?" Alidhani ni muziki wa matangazo ya vifo redioni.

"Mmeona?" mwenye duka akasema. "Mmeniletea matanga. Rudieni ile ya kukimbia."

"Hiyo tulishaipiga, mzee," mpiga gitaa akamjibu, kiganja juu ya redio ya kanda isizimwe. "Sasa tunapiga hii. Na si ulitaka wasimame? Wamesimama."

"Wamesimama kulia."

Yule mama akachungulia ndani. "Kwani hakuna aliyekufa?"

"Hakuna, mama."

"Basi wacha iishe. Nyasi hazitoroki."

Akasikiliza huku akilowa, hadi mwisho. Mzee naye, kofia mkononi.

Mwenye duka akapokea nakala za kanda hiyo, akazipanga kando ya nyimbo za kanisa. Mimi nilinunua moja. Nikiicheza nyumbani mwanangu husinzia kabla ya ubeti wa pili, na mpiga gitaa asikasirike: huyu hajawahi kubembelezwa na mtu akalala kirahisi.