Kibuyu cha Mama Mukasine

Mama Mukasine wa Muheto alikuwa analala mdomo wazi, na kila akizinduka usingizini alikuta ulimi umegandamana na kaakaa. Dawa yake aliijua: kibuyu cha maji kando ya kitanda, fundo moja, kisha anageukia ubavu wa pili. Nani angeudhika na fundo la maji? Barthélemy, katekista wetu.

Miaka ile, mwanzoni mwa hamsini, aliyetaka kukomunika, yaani kupokea ekaristi, hakuruhusiwa hata maji tangu usiku wa manane. Sawa, lakini mlimani kwetu nani alikuwa na saa? Barthélemy, kwa kuogopa kukosea, akaamua mfungo uanze ngoma yake ya jioni ikilia. Tukanyamaza kama kondoo, na hadi leo ninaona haya. Padri alifika kwenye kapela yetu mara chache kwa mwaka. Misa iliyopita, Mukasine alipoulizwa, alijibu ukweli kwamba amekunywa. Barthélemy akamtoa mstarini mbele ya wakwe zake. Jambo hilo lilimuuma kuliko kiu.

Padri alipotangazwa tena, Mukasine alisimama uwanjani.

"Mara hii hakuna muntu atanitoa mu mustari. Na uwongo sitasema."

Jioni ya kuamkia misa, ngoma ilipolia, akakiziba kibuyu na kukisukumia mvunguni. Akapaka midomo siagi ya ng'ombe, akasogeza kitanda mbali na moshi wa jiko. Lakini alijijua: akipitiwa na usingizi tu, mdomo utafunguka. Basi akachukua kitambaa, akakipitisha chini ya kidevu, akakikaza utosini.

Kwetu, anayefungwa kidevu namna hiyo ni maiti peke yake.

Alfajiri Vestine, mke wa mwanawe, aliingia kuwasha moto. Akamkuta mama mkwe amenyooka, kidevu kimefungwa, midomo inang'aa. Hakujiuliza ni nani aliyemfunga. Alipiga yowe, na Muheto yote ikajaa mlangoni, Barthélemy akiwa mbele na chupa yake ya maji ya baraka. Baadaye Mukasine alituambia kwamba yowe lilimwamsha, ila aliposikia sauti ya katekista, hasira ilimwambia abaki amefumba macho.

Barthélemy akaanza sala ya wafu, akanyunyiza. Tone likateremka hadi kwenye midomo, na maiti akalilamba.

Walioweza kukimbia walikimbia. Mukasine akaketi, akafungua kitambaa.

"Barthélemy, umeninywesha maji. Sasa utanitoa tena mu mustari?"

"Hapana, Mama," katekista akajibu. "Ile iko maji ya baraka. Haivunje mufungo."

Mukasine akainama, akakivuta kibuyu toka mvunguni, akakizibua.

"Vizuri, baba. Tia basi tone moja humu pia, mbele ya bantu bote."

Barthélemy alitutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia. Akatia. Mukasine akanywa, taratibu, mpaka akatosheka, na asubuhi ile alikuwa wa kwanza kukomunika.

Padri aliporudi baada ya mavuno, ngoma ya jioni ilikuwa haijapoa wakati sisi wanawake tulipofika mlangoni kwa Barthélemy, kila mmoja na kibuyu chake.