Mtaalamu wa Wadandiaji

Mtoto wa kaka yangu, Eliakimu, alisoma siasa na uchumi. Si kimoja halafu kingine, la, vyote kwa pamoja, huko chuo kikuu. Vijana wengine wa Myamba waliofika chuo walisomea ualimu au uuguzi, vitu unavyoweza kumweleza jirani njiani bila kutua mzigo wa majani ya ng'ombe. Yeye ukimwuliza alisomea nini, ilibidi utue.

Kaka yangu Loth, Mungu amrehemu, alimwuliza swali moja tu siku anaondoka. "Sasa, baba, utakuwa mwanasiasa maskini au mchumi mwongo?" Eliakimu hakucheka. Alituelezea kwamba mambo hayo hayatenganishwi: uchumi ni namna chakula kinavyopatikana, siasa ni nani anayekigawa. Nikamtazama mama yake, Dorkas, aliyekuwa anapakua makande. Katika nyumba ile yeye ndiye aliyelima, akapika, akagawa, na hakuna aliyewahi kumvisha joho.

Alirudi na shahada yake na viatu vyeusi vilivyochongoka. Kazi haikupatikana. Kwa hilo simlaumu, wako wengi. Ninachomlaumu ni mdomo. Akikuta watu wanapalilia tangawizi, husimama pembeni kuwaeleza soko linavyokwenda, wala hainami kung'oa hata jani moja. Dorkas alimpigia pasi shati kila asubuhi. "Mwache, wifi," aliniambia, "kichwa chake kimechoka." Kichwa! Mgongo wake mwenyewe je?

Huku kwetu maji ya mlimani hukusanyika usiku ndani ya ndiva, bwawa la udongo walilochimba babu zetu. Asubuhi hufunguliwa, yakashuka shamba kwa shamba kwa zamu. Ndiva hujaa tope, na pembe ikilia ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, tukazibue. Tangu zamani nyumba ilimtuma yeyote aliyepo, mke, kijana, hata mgeni aliyekuja kuposa.

Eliakimu alipochaguliwa katibu wa kamati ya maji, aliitisha mkutano akatufundisha neno wadandiaji. Alisema ni watu wanaofaidi kitu cha wote bila kukitolea jasho, kama vijana wanaoning'inia nyuma ya lori la tangawizi mpaka Ndungu. "Hawa ndio wanaoua ndiva!" akasema, akapiga meza. Akapendekeza sheria: anayeitwa jina aitike mwenyewe, jembe mkononi. Asipoitika, shamba lake likose maji msimu mzima. Hakuna kutuma mtu. Tulipiga makofi sana. Nusu yetu hatukuelewa, na nusu walioelewa hawakutaka kuonekana hawajasoma.

Sasa, tangu Loth afariki, zamu ya shamba lao inaitwa kwa jina la Eliakimu. Pembe ilipolia mara ya kwanza chini ya sheria mpya, nani alishuka ndivani? Dorkas, goti lake bovu limefungwa khanga. Mwanawe alikuwa Same mjini, kwenye semina ya ushirikishwaji wa wananchi. Lilipoitwa jina la Eliakimu, Dorkas akasema, "Nipo." Tumainieli, msimamizi wetu, akakohoa, akaita jina linalofuata. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyima Dorkas maji kwa kosa la kuzaa katibu.

Jioni nikamfuata kijana nyumbani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mama yako ndiye anayekuzibulia ndiva?"

"Ni mgawanyo wa kazi, shangazi. Kila mtu afanye anachokiweza zaidi. Mimi natafutia kijiji mradi, mama anashika jembe."

"Na mdandiaji ni nani?"

Akasema swali langu ni la kisiasa. Nilipomwuliza juu ya kura tulizompa awe katibu, akasema hilo ni la kiuchumi. Ndiyo faida ya kusoma vyote viwili: ukimzibia mlango huu, anatokea ule.

Mradi kweli ukaja. Afisa wa mradi kutoka Same, binti mmoja anaitwa Devotha, alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia kamati za maji za milima hii, na Eliakimu alikuwa ameomba kazi hiyo. Devotha akataka amwone akiwa na watu wake, siku ya msaragambo. Siku hizo maharage ya Dorkas yalikuwa yametoa maua. Yakikosa maji hapo, basi, hana mavuno.

Gari likasimama. Eliakimu akashuka na shati jeupe, akasimama ukingoni kumweleza mgeni habari za wadandiaji, sisi tukiwa kwenye tope hadi magotini. Devotha alituamkia wote kwa adabu. Kisha akamwonyesha kwa mkono Dorkas, aliyekuwa anainua karai.

"Yule mama, mbona mzee hivyo? Hana mtu wa kumsaidia?"

Eliakimu akanyoosha kola ya shati lake.

"Ni mwanajamii wetu hodari sana," akasema.

Dorkas alisikia. Aliliweka karai chini taratibu, akafuta mikono kwenye khanga, hakumtazama mtu. Mimi nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka.

Tumainieli akaanza kuita majina, kwa kichwa, kama kawaida yake. "Eliakimu Loth!"

Mwenye jina alikuwa ukingoni, mikono mitupu. Akiitika, aonyeshe jembe. Akinyamaza, maharage ya mama yake yamekufa. Akaviangalia viatu vyake.

"Nipo," akasema Dorkas kutoka matopeni.

Devotha akageuka. "Eliakimu si wewe?"

Mwanasiasa akatafuta neno la kujibu. Mchumi naye akatafuta. Wote wawili wakakosa. Basi nikapanda ukingo, nikamwegemezea jembe langu kifuani, juu ya lile shati, na tope lake lote.

"Shika, baba. Mama yako amechoka kuwa wewe."

Tumainieli akakohoa, akaliita jina upya.