Jiliwa Lililosemekana Lina Zebaki

Kiwanda chetu kilipofungwa Mbeya nilirudi kwetu Ngana na sanduku la patasi na ufundi usioeleweka na mtu. Nilikuwa mchonga maumbo. Kipuri cha chuma hakianzii kwenye moto. Kinaanzia kwenye mti: mtu anachonga umbo lake, linakandamizwa kwenye mchanga, linatolewa, na pale lilipokuwa ndipo chuma kilichoyeyuka kinamiminwa. Mtu huyo wa kuchonga ndiye mimi. Nilipomweleza jirani yangu alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza kama ninaweza kumtengenezea kitanda.

Kazi hata hivyo ilikuwepo. Ilikuwa miaka ya soko huria, na kila mwenye binamu Dar es Salaam alikuwa ameleta Kyela mashine ya kukoboa mpunga. Zilikuja zimepakwa rangi za kupendeza, na puli zake, yale magurudumu ya kupitishia mkanda, zilipasuka kabla msimu haujaisha. Kasumulu, hatua chache kutoka mpaka wa Malawi, alikuwapo fundi wa kusubu aliyeyeyusha pistoni kuukuu za malori. Mimi nikachonga maumbo ya puli, yeye akamimina alumini, na wenye mashine wakalalamika kwamba puli zetu hazikupakwa rangi.

Nilichokosa ni jiliwa, kile chuma cha taya mbili cha kubania kazi mezani. Seremala wa vitanda anaweza kubana ubao wake kwa jiliwa lolote, au hata kwa kuukalia. Umbo la puli lina mduara, lina tumbo, lina mbavu ndani, na patasi lazima ilifikie kila upande bila kazi kulegea. Kwa hiyo sisi tunatumia jiliwa la aina yake: linazunguka, linalala, linainuka, na taya zake zinashika hata kitu kilichopinda. Kiwandani nilikuwa nalo. Nyumbani nilibana kazi kwa magoti na mpira wa baiskeli, mpaka patasi iliponiingia pajani na mke wangu akasema sasa basi, tutauza kakao yake tununue hicho kitu.

Duka kubwa la vifaa mjini Kyela lilikuwa la bwana mmoja aliyewahi kuwa meneja wa duka la ushirika. Enzi hizo kazi yake ilikuwa kutuambia hakuna. Hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna misumari, njoo wiki ijayo. Sasa alikuwa na duka lake mwenyewe, na kazi yake ilikuwa kutuambia ipo. Tumbo lilikuwa lile lile.

"Ugonile, fundi!" alinipokea kama ndugu aliyepotea. "Nina kitu chako. Cha kisasa kabisa."

Aliliweka kaunta. Jiliwa la rangi ya buluu, linang'aa, lina kitako cha kuzunguka. Alijaribu kulifungua anionyeshe, akazungusha mkono wa jiliwa upande wa kufunga, akazidi kukaza, akatoka jasho.

"Bado jipya," alisema. "Jipya huwa gumu."

Nililifungua mwenyewe. Nilipapasa taya zake, nikaona rangi ni nene mno, na rangi nene haiwekwi bila sababu. Ningelirudisha pale pale. Lakini mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na furaha ya mtu aliyemtoa mumewe katika mateso, na kakao yake ilikuwa imeshauzwa. Tukalichukua.

Lilivunjika asubuhi ya kwanza ya kazi ya kweli. Nilikuwa nimebana kipande cha mninga, nikaongeza mkazo kidogo, taya ikakatika kwa mlio mkavu kama muhogo. Nikaangalia ndani. Chuma chake kilikuwa na matundu kama mkate, na matundu ya juu yalikuwa yamezibwa kwa fila, ile ya kuzibia bodi za magari, kisha yakafunikwa kwa buluu. Nimeuona usubu mbaya katika maisha yangu, mwingine niliushiriki mwenyewe. Ule haukuwa usubu mbaya. Mtu aliona matundu, akajua ni nini, akachukua kijiko cha fila.

Nikavirudisha vipande dukani.

"Umelibana sana," alisema yule bwana.

"Jiliwa ni la kubana."

"Fundi, hili ni soko huria. Kila mtu anafungua macho yake. Ukitaka kubembelezwa, rudi ushirika."

"Ushirika ulikuwa wewe," nilimwambia.

Alicheka. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba alicheka kwa raha, kama niliyemsifia.

Miezi ikapita. Nikaitwa ufukweni mwa ziwa, kwenye kanisa moja la misheni ya zamani, nirekebishe madirisha. Wazungu walioijenga walikuwa wameshaondoka, na karakana yao imegeuzwa stoo ya mpunga. Mlangoni pa stoo, kwenye gogo, nilimkuta mbuzi amefungwa. Amefungwa kwenye jiliwa la mchonga maumbo.

Nilipiga magoti pale kwenye mavi ya mbuzi. Lilikuwa limekula kutu mpaka limekuwa jekundu, lakini taya zilikuwa nzima, zile pana, na vile vidole vidogo vya juu vya kushikia kazi nyembamba vyote vipo. Niliomba mafuta ya taa na mawese, nikalimwagia, nikaendelea na madirisha. Jioni nilishika mkono wake, nikauvuta. Likalia kidogo, likazunguka. Likalala. Likainuka. Mbuzi alinitazama.

Stoo ilikuwa chini ya mzee wa kanisa, mtu wa suti moja na maneno mengi.

"Hicho ni chuma cha Wajerumani," aliniambia.

"Mzee, kimeandikwa Kiingereza. Angalia hapa."

"Wajerumani walikuwa wajanja sana," alijibu, bila kuinama kuangalia.

Tulikubaliana. Nitalitengenezea kanisa mabenchi mapya, na mabenchi yakikamilika jiliwa ni langu. Tulipeana mikono mbele ya mchungaji. Nikarudi Ngana, nikatengeneza mabenchi kwa mvule mkavu, bila msumari hata mmoja. Hayo hayakuwa mabenchi ya kubadilishana na chuma cha kufungia mbuzi, yalikuwa mabenchi ya kuzikia askofu.

Kumbe mzee wa kanisa hakuweza kukaa na jambo moyoni. Alimwambia kila mtu kwamba fundi wa Ngana amelililia jiliwa la Wajerumani mpaka akapiga magoti. Na siku hizo Kyela nzima ilikuwa na ugonjwa wa zebaki. Watu walikuwa wakifungua cherehani za bibi zao na redio za marehemu, wakitafuta zebaki nyekundu iliyosemekana Wajerumani waliificha, na kwamba tone moja lingemtajirisha mtu. Hakuna aliyewahi kuiona. Kila mmoja alimjua mtu aliyemjua aliyeiona.

Nilipofika ufukweni na lori la mabenchi, mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti.

"Ndaga fijo, fundi, mabenchi mazuri mno," alisema mzee wa kanisa, huku akitazama ziwani. "Ile kitu tumempa mtu wa Kyela mjini. Ametupa mabati ya jiko la kanisa. Unajua, Mungu ana njia zake."

"Na mkono ulionipa?"

"Huo nilikupa kama mimi. Mabati yamekuja kwa kanisa."

Sikuhitaji kuuliza ni mtu gani wa Kyela mjini. Niliondoka na lori lile lile mpaka dukani kwa yule aliyeniuzia jiliwa la buluu, nikazunguka uani. Yule bwana alikuwa amevua shati. Alikuwa na vijana wawili wa kukodi na nyundo kubwa ya kupasulia mawe, na jiliwa lilikuwa chini, limevunjwa taya, limepasuliwa kitako. Alikuwa amechuchumaa anachokoa tundu la parafujo kwa kijiti, na chini yake ameweka bakuli la udongo lenye maji, ili zebaki ikitoka isikimbie.

Nimewahi kuwachukia watu. Pale sikuchukia. Nilimtazama yule mtu mzima na bakuli lake, na kilichonijaa kilikuwa baridi kuliko chuki.

"Iko wapi?" aliniuliza.

"Nini?"

"Usijifanye. Ulilimwagia mafuta, ukalizungusha, watu walikuona. Umeitoa."

Akanishtaki. Nikaitwa ofisi ya kata, nikasimama mbele ya mtendaji nikaeleza usubu ni nini, jiliwa ni nini, kwamba chuma kizito ni kizito kwa sababu ni chuma. Yule bwana akaeleza kwamba mwenye akili hawezi kutoa mabenchi ya mvule kwa chuma kitupu. Mtendaji aliliona hilo kuwa hoja. Alitafakari, akasema ushahidi hautoshi, akamwomba mlalamikaji atangulie nje. Mlango ulipofungwa alisogeza kiti chake karibu.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "mimi na wewe tu. Umeipeleka Malawi?"

Nilimwambia kama hana neno jingine, nitachukua vile vipande. Hakuna aliyevitaka. Nilivifunga kwenye gunia, nikaviweka nyuma ya baiskeli, nikavisukuma mpaka Ngana.

Parafujo ilikuwa nzima, na mhimili wa kuzungukia ulikuwa mzima. Vilivyobaki nilivipanga mezani, nikaviunganisha kwa gundi nipate vipimo, kisha nikachonga maumbo yake kwa mti, taya moja moja, nikiwa nimezibana kwa magoti na mpira wa baiskeli. Fundi wa Kasumulu akazisubu kwa alumini. Hazikutoka nzuri mara ya kwanza. Alitaka kuziba matundu kwa fila, tukagombana, akazisubu upya. Jiliwa hilo ninalo mpaka leo. Ni zito upande mmoja, jepesi upande wa pili, na linashika.

Kwa puli na vipuri vya mashine tulisomesha watoto, na baadaye tukajenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Mke wangu alichagua madirisha, mimi nikayatengeneza. Tulipoezeka bati, watu wakapita barabarani wakitazama juu, wakitikisa vichwa taratibu kama watu waliojua siku nyingi.

Mwaka huo mzee wa kanisa alikuja na kadi ya mchango, suti ile ile. Mabati ya jiko lao yalikuwa yamechukuliwa na upepo. Nilimsikia sebuleni akimwambia mke wangu kwamba mtu aliyejaliwa mali ya Wajerumani hapaswi kuisahau nyumba ya Bwana.

Mke wangu alimpa chai. Mimi nilibaki karakana, na sikutoka mpaka alipoondoka.