Maji Mdomoni kwa Ajili ya Kinyonga

Kabla ya kupiga pasi shati la mteja, najaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya kitambaa. Mafundi wengi hapa mjini hufanya hivyo, maana pasi ya mkaa huunguza nguo iliyo kavu. Mimi napuliza kuliko inavyohitajika, nakunja kola, naikunjua, naitazama kwenye mwanga, kisha napuliza tena. Fundi ninayemsaidia hunung'unika kwamba shati litamfikia mwenyewe likiwa limekwisha kwa pasi. Ana haki. Sijui kukiacha kitu kikiwa kizuri tu. Lakini si hofu peke yake inayonifanya nipulize. Manyunyu yale yakitua kwenye kitambaa, namwona bibi yangu amesimama mbele ya tembe letu, upande wa Ilongero, na pembeni yake namwona kinyonga.

Nilikuwa bado mtoto. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na visima tulivyochimba kwenye mchanga wa mto vilikuwa vikitoa maji kidogo kidogo. Baba alikata matawi ya miiba ya kuzibia pengo la zizi, nasi watoto tukayaburuta hadi nyumbani. Kwenye tawi langu alikuwapo kinyonga. Kaka yangu, ambaye aliwahi kumfukuza fisi kwa fimbo na kutusimulia habari hiyo hadi tukaikariri, alitupa mzigo wake na kukimbilia upande wa pili wa zizi. Mimi sikukimbia, wala si kwa ushujaa. Niliogopa mambo mengi mno: wageni, kuvunja kibuyu, kuulizwa swali mbele ya watu. Kumbe na huyu kinyonga alikuwa mwoga kama mimi. Aliinua mguu, akauweka, akaurudisha, akauweka tena, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Nilimpenda hapo hapo.

Bibi hakutaka hata kumtazama. Kwake kinyonga alikuwa mnyama wa nuksi. Baada ya mimi kulia vya kutosha alikubali akae nje, kwenye mti wa mbaazi ulioota karibu na ukuta, ila kizingiti asikivuke. Akaweka na sharti. Kinyonga akiondoka kwa miguu yake mwenyewe, hakuna neno. Akifia ndani ya ua wetu, ua utatakaswa kwa damu ya kondoo. Na kondoo tuliyekuwa naye ni mmoja, jike la bibi mwenyewe, lenye mimba, lililomfuata bibi hadi jikoni kama mtoto.

Tangu siku hiyo kaka alinitania kwamba nimepata mume, hakuniamkua bila kuuliza, "Shemeji ameamkaje?"

Shemeji aliamka vizuri kwa muda. Sikwenda shule, kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa vipande vya gazeti vilivyofungiwa sukari dukani, nikilinganisha herufi na herufi hadi neno likubali. Kinyonga nilimsoma vivyo hivyo. Nilijua kwamba asubuhi huwa mweusi akiota jua, na jua likipanda hugeuka kijani. Nilijua kwamba jicho moja hunitazama mimi na la pili hutazama panzi niliyemshika. Nilijua hata choo chake, kwamba pamoja na kile cheusi hutoka kipande cheupe kama chokaa. Nyumbani walinicheka, lakini nilikiangalia kila siku.

Ndiyo maana niligundua mapema. Kipande cheupe kiligeuka manjano, kisha kikawa kama kiini cha yai kilichokauka. Rangi yake ikabaki ya majivu hata jua likiwa juu. Akaanza kufumba macho mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alipoyafumbua yalikuwa yamezama ndani. Panzi alipita mbele yake asimjali. Nilipomchukua mkononi, vidole vyake havikunikaba kama zamani.

Nilikuwa nimemwona baba akipima ndama wanaoharisha. Huvuta ngozi ya shingo, akaiachia. Ikirudi upesi, ndama ana maji mwilini. Ikibaki imesimama, hana. Nikamvuta kinyonga ngozi ya ubavuni, taratibu, kwa ncha za vidole. Ikasimama kama pindo la nguo.

Sikuelewa. Maji nilikuwa nimemwekea kwenye kigae, kama ya kuku, na kila siku niliyabadilisha ingawa mama alilalamika kwamba namwaga maji ya watu. Hakuwahi kuyagusa. Nilidhani ana dharau, au maji yananuka. Nikakisugua kigae kwa mchanga mpaka kikapungua unene.

Jioni nilimwendea baba kwenye zizi, nikamwuliza ndama aliyezama macho hutibiwaje.

"Ndama gani?" baba akauliza, akigeuka kuwatazama wake.

"Ndama yeyote tu, baba."

Akanieleza: maji, pamoja na chembe za magadi yanayokwanguliwa kando ya ziwa. Kila mfugaji kwetu hufanya hivyo, na ndama husimama. Basi nikayeyusha magadi, nikayatia kwenye mrija wa nyasi, nikampanua kinyonga mdomo kwa nguvu. Ndani ya kinywa mate yalikuwa mazito, yakivutika kama nyuzi. Alipaliwa, akatoa povu, akageuka mweusi mwili mzima, na akabaki hivyo. Nilikaa chini ya mbaazi nikimwangalia kondoo wa bibi akicheua, tumbo limejaa, na nilishindwa kula.

Asubuhi iliyofuata bibi alitoka kama kawaida yake kabla jua halijavuka ua wa minyaa. Alikuwa na desturi ya kuchota maji kwa kata, kujaza mdomo, kulielekea jua linapochomoza na kuyapuliza, huku moyoni akiwaombea watu na mifugo waamke salama. Siku hiyo upepo ulikuwa wa kutoka mashariki. Ukayarudisha manyunyu, yakatua kwenye majani ya mbaazi.

Kinyonga akafumbua jicho moja. Jicho likazunguka, likasimama kwenye tone lililoning'inia kwenye jani mbele yake. Akavuta mguu, akaurudisha, akauvuta tena. Kisha akaligusa lile tone kwa mdomo, na koo likaanza kucheza. Akalifuata lingine.

"Bibi, rudia," nikasema.

"Nirudie nini?"

"Kupuliza."

"Jua nimekwisha kulisalimu, mke mwenzangu."

"Si jua, bibi. Ni yeye. Anakunywa."

Bibi aligeuka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama sawasawa. Akamtazama na kondoo wake. Halafu akachota maji mengine, akajaza mashavu, na safari hii akaelekeza mdomo kwenye mbaazi.

Kumbe kinyonga hajui maji yaliyotulia. Yeye hunywa umande na mvua, vinavyodondoka majanini, na katika kiangazi kile hakukuwa na umande wala mvua. Kazi ya kupuliza nikaichukua mimi. Mwanzoni matone yangu yalikuwa makubwa, yakampiga usoni akajikunja. Nikajifunza kubana midomo hadi maji yakatoka kama ukungu. Nikajifunza kuyaacha kwanza juani yapoteze ubaridi wa kisimani, kupuliza majani kuliko kumpuliza yeye, na kungoja, kwa sababu hunywa polepole mno na ukiharakisha huacha. Mdomo sikumpanua tena. Niliweka ungo mkuukuu juu ya matawi apate kivuli saa za jua kali, na panzi nikamnyima, asije akapaliwa na mate yale mazito, mpaka macho yakajaa.

Mashavu yaliniuma. Kuna siku aliinuka, kesho yake akalala tena, nami nikaamini kwamba nimekosea kitu fulani ambacho hakuna mtu angenieleza. Hata leo nikishona kifungo huwa na imani hiyo hiyo. Lakini ngozi ya ubavuni ilianza kurudi nikiiachia, na asubuhi moja nikaona chini ya mti kipande cheupe, cheupe kabisa. Nilipiga kelele hadi mama akatoka mbio na mwiko.

"Nyumba nzima inashangilia mavi ya shemeji," kaka akasema.

Kinyonga alipokuwa kijani kwa siku kadhaa mfululizo, bibi alisema imetosha, aende. Nilitaka kungoja kidogo, niwe na hakika zaidi. Bibi alinijua. Alikata tawi alilolikalia kinyonga, akanikabidhi, akajaza maji mdomoni na kunifuata.

Hivyo ndivyo tulivyovuka ua: mimi mbele na tawi, bibi nyuma, mashavu yamefura, na kondoo nyuma ya bibi. Kaka alikuwa anatoa ng'ombe. Akatuona, akaanza: bibi anamsindikiza mkwe? Mbona hata kumuaga mgeni hataki siku hizi? Bibi alimtolea macho, akamnyooshea kidole, lakini hakuweza kujibu bila kumwaga maji. Kaka alilijua hilo, akazidi.

Kinyonga alishuka kwenye kichaka cha nje kwa miguu yake mwenyewe, akiuweka mguu na kuurudisha. Bibi alingoja mpaka mkia nao umeliachia tawi langu. Kisha akapuliza, manyunyu yakatanda kichaka kizima, akajifuta kidevu kwa kanga na kugeuka kumtafuta kaka.