Kukaza Nyuzi za Fidla ya Baba

Fidla ya Baba ilizoea mvua za Bukoba. Ilipohamia kwangu Bariadi, kiangazi kikaikausha, na zile funguo za mbao zinazokaza nyuzi zikaanza kuteleza. Naikaza jioni, asubuhi naikuta imelegea. Siku moja niliushika ufunguo wa uzi mwembamba nikauzungusha kama mtu anayefunga bomba bovu. Uzi ukakatika, ukanichapa kidoleni. Niliikasirikia ile fidla kana kwamba imenitukana.

Mimi ni mtu wa mifugo. Nilipangiwa kazi Simiyu, nachanja ng'ombe na kuzalisha mitamba, na watu wananiita dokta. Muziki sikuusomea. Fidla niliipata kwa namna ambayo mpaka leo sijaipenda. Baba alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi, maneno yakapotea. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anayemtunza, akaanza kupunguza vitu nyumbani. "Hii chukua wewe," akaniambia, na Baba ameketi pale pale kwenye kiti chake anatutazama.

Alikuwa akiipiga kanisani kijijini kwetu, kando ya kinanda cha kukanyaga kwa miguu ambacho kilimzidi umri. Kabla ya ibada mpiga kinanda alibonyeza sauti moja akaishikilia. Baba naye aliifuatisha, mdomo ameufunga, sauti ikitokea puani, huku akikaza na kulegeza nyuzi mpaka zikubaliane na kinanda. Watoto tulimwigiza tukirudi nyumbani.

Kila Jumapili nilimpigia simu. Dada alimwekea sikioni, nikazungumza mimi, nikasikia pumzi. Kisha dada alichukua simu na kusema yale yale: "Mdogo wangu, unajichosha bure. Baba hayupo tena. Anakula, analala, basi." Alisema hivyo Baba akiwa pembeni yake. Nilitaka kujifunza wimbo mmoja tu wa kanisani, nimpigie, nijue kama kweli hayupo. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba dada yuko sahihi.

Nyuzi mpya zilikuja na basi kutoka Mwanza, seti nzima. Nikafanya kama ninavyofanya na bomba la kunyunyizia dawa ya kupe likiharibika: fungua kila kitu, safisha, panga mezani, kisha rudisha. Nilitoa nyuzi zote kwa mkupuo. Kidaraja cha mbao kinachozibeba kikaanguka, na hilo nililitarajia. Sikutarajia kusikia kitu kikibingirika tumboni mwa fidla. Video moja kwenye simu ikanieleza, nikiwa nimeshachelewa, kwamba nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja, kwa sababu ndani kuna kijiti kinachosimama bila gundi, kimebanwa tu na mkazo wa nyuzi zenyewe. Kikianguka, unabaki na sanduku.

Asubuhi mama mwenye nyumba wangu, anayeuza dagaa wa Lamadi, alinikuta barazani nimeinamia fidla, mkononi nina koleo langu refu la kazini, lile jembamba lenye ncha iliyopinda.

"Mwangaluka, dokta," akanisalimu kwa Kisukuma. "Nani mgonjwa?"

Nikamweleza. Akatua beseni la dagaa, akawasha tochi ya simu yake na kumulika kwenye tundu la fidla.

"Kamelala vibaya haka," akasema. "Kametanguliza makalio. Kageuze kwanza, usikavute."

Amekulia kwenye ng'ombe, na alikuwa ananitania, lakini nilikigeuza kwanza. Kikasimama, kikaanguka. Nikakitukana, kikaanguka tena. Nimewahi kumtoa ndama kwa kamba, nimelala kifudifudi kwenye matope kule Nkoma, na sikutokwa jasho namna ile. Mwishowe kikasimama wima chini ya mahali pa kidaraja, nikavuta koleo nje taratibu.

"Kamezaliwa," akasema, akabeba beseni lake akaenda kuanika dagaa.

Nyuzi nilizirudisha mmoja mmoja, kidole gumba kimeshikilia kidaraja kisilale. Simuni nilikuwa na programu ya kupima sauti, yenye mshale ambao huwa mwekundu ukikosea na kijani ukipatia. Nilizungusha funguo kidogo kidogo mpaka nyuzi zote nne zikawa kijani. Nilijisikia fundi.

Jumapili nikapiga simu, nikailaza mezani. "Haya piga," dada akasema. "Nimeweka sauti kubwa."

Wimbo ulikuwa unanisubiri, lakini kwanza nilivuta upinde juu ya uzi mmoja mtupu, kuhakikisha haujalegea. Upande wa pili ikatoka sauti, ndefu, ya puani, chini kidogo ya uzi wangu.

"Ameshaanza kulalamika," dada akasema. "Inamuumiza masikio. Acha."

Nikaacha, Baba naye akaacha. Nikavuta tena, naye akarudia, pale pale, chini kidogo. Nimesikia wanyama wengi wenye maumivu, na maumivu hayatulii mahali pamoja namna ile. Nikalegeza ufunguo kidogo, nikavuta. Bado alikuwa chini yangu. Nikalegeza tena, nikavuta, mpaka sauti ya uzi na sauti yake zikawa moja. Akanyamaza. Nikahamia uzi uliofuata, akanipa sauti yake, nikaushusha nao. Hivyo hivyo mpaka nyuzi zikaisha.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kile kinanda cha kanisani kilikuwa kimechakaa, sauti zake zimeshuka, na kwa miaka yote Baba aliishusha fidla kukifuata. Programu yangu haikijui kinanda hicho. Baba alikuwa ananikazia nyuzi, yuko Bukoba, mimi niko Bariadi. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Dada sikuhitaji kumweleza. Aliimba kwaya na kinanda hicho toka utotoni. Kisha nikasikia sauti yake, lakini hakuwa anaongea na mimi.

"Baba," akasema, "unasikia baridi? Nikuletee shuka?"

Halafu akamsubiri ajibu.